Karatasi Ilisema Najua

Niseme mapema ili nisimsumbue mtu: mtoto alikufa mikononi mwangu, na siku ile kwenye faili ya kituo kulikuwa na karatasi iliyosema kwamba mimi nimefundishwa namna ya kumwokoa. Sahihi yangu ilikuwa chini yake. Sikuwa nimefundishwa. Kila nilichopata kazini baada ya hapo, diploma, cheo, ofisi yenye ufunguo, kilitokana na karatasi ile, na kwa miaka mingi sikuweza kusema kama jambo hilo linaniuma au haliniumi.

Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya upande wa Shituru, hapa Likasi. Si hospitali. Ni nyumba ndefu ya matofali, zamani ilikuwa ya kampuni ya migodi, na wakati huo tulikuwa wauguzi wanne. Daktari tulimwona akipita. Kwa hiyo muuguzi wa kituo kama chetu hafanyi kazi moja. Asubuhi anapima watoto kilo, saa nne anamshona mchimbaji aliyeangukiwa na jiwe, saa sita anazalisha, saa nane anamweleza mzee kwa nini dawa ya presha haiachwi hata kama kichwa kimetulia. Shule uliyosoma ujanani haitoshi kwa yote hayo. Dawa zinabadilika, maagizo yanabadilika, na mkono nao unasahau.

Nilitoka shule ya masista nikiwa A2, ndiyo ngazi ya muuguzi aliyeishia sekondari. Juu yake kuna A1, aliyeendelea chuoni. Baba yangu, ambaye alifanya kazi kwenye kiwanda cha shaba hadi mapafu yake yakakataa, aliniambia nianze kazi kwanza, A1 itafuata. Nilianza. Ikaja ndoa, wakaja watoto watano, yakaja mazishi ya baba mwenyewe, na miaka kumi na saba ikapita A1 ikiwa bado inafuata.

Kilichobaki kwa mtu kama mimi kilikuwa formation. Ofisi ya zone, inayosimamia vituo vyote vya afya vya upande wetu, huita muuguzi mmoja kwa kila kituo, siku tatu au tano, na kumfundisha jambo jipya. Mwaliko unaandikwa kwa jina la kituo. Kwetu jina la kituo lilikuwa jina la titulaire, mkuu wetu. Alienda formation ya malaria, ya chanjo, ya kifua kikuu, ya uzazi wa mpango, ya usimamizi wa dawa. Kila mara alirudi na mfuko mpya wenye maandishi, na mke wake akaenda nao sokoni, hivyo mtaa mzima ulijua kituo chetu kimefundishwa nini kwa kuangalia mboga zimebebwa ndani ya nini. Tulimcheka. Naye alicheka pia, hakuwa mtu mbaya. Ni yeye aliyenifundisha kupata mshipa wa mtoto mchanga kichwani, kwa uvumilivu, mara kumi, bila kunipigia kelele.

Mimi katika miaka hiyo kumi na saba nilitumwa formation moja: namna ya kuchoma takataka za kituo. Titulaire alikuwa na kifua kibaya, hakupenda moshi.

Lakini sheria ilikuwepo, na ilikuwa nzuri. Anayerudi kutoka formation lazima afanye restitution, yaani awakusanye wenzake na kuwapa alichopata. Wenzake wanatia sahihi kwenye orodha, orodha inakwenda zone, na zone inaandika kwamba kituo chote sasa kinajua. Mwanzoni, nilipokuwa msichana kazini, restitution ilifanyika kweli. Tulikaa na daftari, tukauliza, tukabishana. Kidogo kidogo ikawa nusu saa, kisha ikawa maneno machache tumesimama. Mwishowe ikawa karatasi yenyewe inayozunguka chumba kwa chumba. Hakuna aliyeamua iwe hivyo. Wagonjwa walikuwa wengi, ripoti ilikuwa na siku yake, na kutia sahihi ni kazi ya sekunde mbili. Sote tulijua kuwa sote tunajua, na ndiyo maana haikuonekana kuwa uongo.

Formation ya mtoto asiyelia ilikuwa siku tatu. Titulaire alirudi siku ya alhamisi, msimu wa mvua, malaria imejaa hadi nje. Alirudi pia na pompi ya kumpulizia mtoto hewa, ile tunayoiita ambu, mpya, ndani ya mfuko wake wa plastiki. Aliiweka kwenye kabati la chumba cha kuzalishia na kupita akituambia:

“Ba collègues, restitution tutafanya lundi. Leo bagonjwa beko bengi sana. Musaini kwanza, rapport ipate kwenda ku zone.”

Nilitia sahihi nimeiegemeza karatasi juu ya sanduku la glavu. Juu iliandikwa: kutoka saa tatu hadi saa saba, mazoezi kwa mikono yamefanyika. Nakumbuka kalamu iligoma na nikaikwaruza pembeni mpaka ikatoa wino. Jumatatu ilikuja na watu wake. Hakuna aliyemkumbusha, na mimi nikiwa wa kwanza kati ya wasiomkumbusha. Waswahili husema kuuliza si ujinga, lakini muuguzi wa miaka kumi na saba akiuliza mbele ya wadogo zake, anaona aibu. Mimi niliona aibu. Niliifuta ile ambu vumbi kila jumatatu, nikaona inatosha.

Miezi miwili baadaye, asubuhi, alikuja mama mmoja kutoka njia ya Kambove. Mume wake alikuwa akichimba huko Kakanda, kwa hiyo alikuja peke yake, ametembea sehemu na kupanda pikipiki sehemu. Ilikuwa mimba yake ya pili. Mtoto wa kwanza alikuwa mzima, ameachwa kwa jirani. Alikuwa mama mpole, alisukuma nilipomwambia sukuma na kupumua nilipomwambia pumua. Titulaire hakuwepo. Alikuwa formation.

Mtoto alitoka wa kiume, mnene, na hakulia.

Nilifanya nilichofundishwa na masista. Nilimshika miguu, nikampiga nyayo, nikamsugua mgongo, nikamfyonza mdomo na pua, tena na tena. Moyo wake ulikuwa unapiga, niliusikia kwa vidole viwili kwenye kitovu, nikamwambia mama yake unapiga. Nikaichukua ambu. Nilikunja kitenge cha mama yake mara nne, nikamwekea mtoto chini ya kichwa, vizuri, kama unavyomlaza mtu unayemheshimu. Nikafunika uso wake kwa ile kofia ya ambu na kubonyeza. Hewa ilitoka pembeni, fyu, fyu. Kifua hakikupanda. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi. Nikaangalia ukutani kulikokuwa na picha za maelezo zilizokuja na formation, lakini zilikuwa ndogo, na mikono yangu yote miwili ilikuwa kazini. Mama yake alikuwa ameinua kichwa ananitazama. Sijui ilichukua muda gani. Kila niliporudisha vidole kwenye kitovu, moyo ulikuwa umepungua, ukapungua tena, ukanyamaza.

Nilimfunika, nikamwambia mama yake maneno ambayo sisi wote huyasema:

“Mama, pole sana. Tulifanya yote.”

Alisema, “Aksanti, mama munganga,” kama wanavyotuita wauguzi. Kisha akageuka ukutani.

Nilingoja nisikie kitu. Sikusikia. Nilikuwa kama mtu aliyepigwa sindano ya jino, anagusa mdomo wake na kuona ni wa mwingine. Niliosha chumba, nikajaza rejista, nikarudi nyumbani, nikapika bukari, ugali wetu, na samaki, nikala nikashiba. Mume wangu aliniuliza kazi ilikuwaje, nikamjibu ilikuwa kazi.

Msimamizi kutoka zone alikuja wiki iliyofuata, kwa sababu kila mtoto anayekufa kituoni lazima ajadiliwe. Tulikaa ofisini watu watatu: yeye, titulaire na mimi. Alikuwa mwanaume mtaratibu, mwenye miwani, hakuja kumkamata mtu. Alisoma rejista, akafungua faili ya formation, akaitoa orodha.

“Mama, signature hii njo yako?”

“Njo yangu, papa.”

“Basi weye ulifwata restitution. Masaa mane, na mazoezi. Sasa juu ya nini haukufanya vile balikufundisha?”

Nilimtazama titulaire. Alikuwa anaangalia dirishani, shingo yake imekakamaa, na nikaona jasho juu ya mdomo wake. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu. Nikisema restitution haikufanyika, basi amedanganya yeye, wamedanganya wenzangu wawili, na nimedanganya mimi, na hakuna karatasi yetu hata moja itakayoaminika tena. Nikisema ilifanyika, basi mjinga ni mmoja tu. Nilihesabu haraka, kama mtu anayechagua foleni fupi.

“Nalisahau, papa,” nikasema.

Akaandika. Titulaire akashusha pumzi. Siku hiyo nilisubiri aje aniambie neno, hata asante. Aliniletea soda, akaiweka mezani na kuondoka. Nilikunywa.

Kilichofuata kilinichekesha, ingawa sikucheka. Kwa kuwa nilikuwa nimesahau, zone ilipendekeza nikumbushwe. Mwaliko ukaja kwa jina langu mwenyewe, kwa mara ya kwanza: formation ya siku tatu kwenye ukumbi wa hospitali moja mjini. Watu wanangoja zamu yao miaka. Mimi yangu ililetwa na maiti.

Mfundishaji alikuwa mkunga kijana, sauti kubwa, mikono mizuri. Alitugawia vitoto vya plastiki. Siku ya kwanza kabla ya chakula alituambia tumweke mtoto tayari kwa ambu. Nilikunja kitambaa, nikamwekea chini ya kichwa. Alinijia, hakunigombeza, alikivuta tu kile kitambaa kutoka kichwani mpaka chini ya mabega, umbali wa kiganja kimoja, akakipunguza unene.

“Ukiinua kichwa, mama, kidevu inashuka, njia ya pumzi inajifunga. Njo vile bengi wanakosa. Weka ku mabega. Haya, bonyeza sasa.”

Nikabonyeza. Kifua cha plastiki kikapanda. Kikashuka. Kikapanda.

Wenzangu walipiga makofi, kwa kuwa nilikuwa wa kwanza. Nilisimama pale na kuendelea kubonyeza mpaka mkunga akanigusa bega akasema imetosha. Alidhani ni bidii. Mwisho wa siku tatu nilikuwa na alama za juu kuliko wote, nikapewa brevet, cheti chenye muhuri, na jina langu likaandikwa kati ya wale watakaosaidia kufundisha wengine. Kituoni nilifanya restitution ya kweli, masaa manne, kila mtu akabonyeza kwa mkono wake, titulaire naye. Alikosea kitambaa vilevile. Yule aliyefundishwa siku tatu nzima aliweka kitambaa chini ya kichwa. Nilikivuta mpaka mabegani, naye akabonyeza. Hapo niliona kwamba hata kama angetufundisha lundi ile, labda angetufundisha hivyo hivyo. Nilijaribu kufarijika na wazo hilo. Halikunisaidia wala halikunidhuru.

Baada ya hapo mambo yalikwenda yenyewe. Zone ilinifahamu. Msimamizi mwenye miwani aliniandikia barua ya kuingia chuo, masomo ya mchana, nami nikabadilishana zamu na wenzangu na kusoma A1 nikiwa na umri wa kuwa mama wa wanafunzi wenzangu. Waliniita “mama promo”, mama wa darasa, walinakili daftari langu, nami nilinakili za kwao za kompyuta. Titulaire alipopumzika niliwekwa mahali pake. Siku ya kupokea funguo watu waliimba na kunimwagia unga wa talc kichwani kama ilivyo desturi yetu. Kila mtu alisema umehangaika, umestahili. Nilisema asante. Nimezalisha watoto wengi wasiolia ambao sasa wanalia vizuri sana, na kila kifua kilipopanda nilisema moyoni: haya, kimepanda. Furaha yangu iliishia hapo. Wakati mwingine nilijiuliza kama hii ndiyo hali ya watu wote wenye vyeo, na kama ndiyo, kwa nini wanavitafuta.

Mwaka huu yule mama alirudi.

Ilikuwa siku ya kupima wajawazito. Sikumtambua usoni, nilimtambua kwenye kadi, njia ya Kambove, mimba ya tatu. Yeye alinitambua vizuri. Alipanda mezani, akafunua tumbo, nikapima kwa mita, nikaweka sikio kwenye chombo na kusikia moyo wa mtoto, mwepesi, mzuri. Nilikuwa bado nimeinama aliponiuliza, kwa sauti ya chini, maana wengine walikuwa nje ya pazia:

“Mama munganga, ile siku ulinambia mulifanya yote. Mulifanya kweli yote?”

Nilinyooka. Jibu la kazi lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikamuuliza kwa nini anauliza, baada ya miaka yote.

“Juu mama mukwe alisema: kama banganga balifanya yote, mutoto alikuwa munene vile, na moyo ilikuwa inapiga, basi aliuawa na muntu. Na muntu ni nani? Balisema ni minye, muchawi. Balinipeleka ku maombi. Nalifunga siku mingi. Pasta alisema niseme niko na kitu gani mu tumbo. Sikukuwa na kitu. Tangu ile wakati siingie mu nyumba ya mama mukwe. Mutoto wangu wa kwanza anaingia kula, minye nabakia ku mulango. Bwana yangu haniachi, lakini hawezi kumubishia mama yake. Na hii mimba, banasema bangojee baone.”

Alisema yote hayo bila kulia. Nilimfahamu vizuri mtu anayesema hivyo.

Katika miaka yote hiyo nilidhani nimechagua foleni fupi. Nilidhani aibu imekaa kwangu peke yangu, nimeibeba, na kuibeba ni aina ya malipo. Kumbe mimi nilipewa formation, nikapewa chuo, nikapewa funguo, na aibu alipewa huyu. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba neno “yote” lina mtu litakayemwangukia. Hapo iliniuma. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na iliuma sana, na sikuipenda.

“Hapana, mama,” nikasema. “Hatukufanya yote. Mutoto yako alikuwa anaweza kupona. Minye sikujua namna ya kumupatia pumzi. Nalimulaza mubaya, pumzi haikuingia. Nalisaini kama najua, na sikujua. Weye hauko na kosa.”

Nilitarajia anipige, nilitamani hata anipige. Akashusha nguo yake, akakaa ukingoni mwa meza, miguu inaning’inia.

“Sasa unajua?”

“Sasa najua.”

“Utakuya kusema ile maneno kwa mama mukwe?”

Nilifikiria zone. Nilifikiria faili, sahihi zile nne, mzee titulaire aliyekaa kwake na kifua chake, cheo changu, wadogo ninaowafundisha. Mficha uchi hazai, tunawaambia wamama kila siku ili wafungue miguu na kueleza maradhi yao. Nikamwambia nitakuja alhamisi.

Alhamisi nilivaa nguo za kawaida. Nyumba ya mama mkwe ni ya matofali, bati jipya, uwanja umefagiliwa. Alikuwa ameketi kizingitini akichagua maharage kwenye ungo. Mkwe wake alisimama hatua kadhaa nyuma yangu, mahali anaposimama siku zote. Niliona kwa namna alivyopajua. Nilisalimu, nikajitambulisha, nikasema. Sikupunguza. Nilisema kitambaa, nilisema kichwa na mabega, nilisema karatasi niliyosaini na jinsi nilivyomjibu mtu wa zone. Mama mkwe hakuniangalia. Vidole vyake viliendelea kutoa mawe kwenye maharage, kisha vikasimama.

“Mutoto alikuwa anapumua?”

“Alikuwa na moyo, mama. Pumzi njo ilikosa. Na ni minye nalikosa kumupatia.”

Jirani alipita na ndoo, akasalimu, hakuna aliyemjibu. Hatimaye yule mama mzee aliinuka kwa shida, akashika ungo wake, akasogea pembeni ya mlango. Alimwambia mkwe wake, si mimi:

“Ingia.”

Yule mama alinipita, mkono mmoja juu ya tumbo, akavua kandambili zake na kuingia. Mama mkwe alimfuata na kufunga mlango. Nilibaki uwanjani, sikuambiwa kaa wala nenda. Ndani nilisikia kiti kinavutwa, kisha nikasikia mtu mmoja anaanza kulia, sikujua yupi kati yao wawili, na mimi nikagundua kwamba uso wangu nao umelowa.